Kamati Iliyolinda Ladha ya Chai

3 Machi 2025

Mpendwa Senge Janeffer,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango wa duka. Usiisome barua hii mbele ya wateja, usiisome kwa sauti, na ukimaliza uichome ndani ya jiko, si uani, kwa sababu moshi wa karatasi huuliza maswali. Usinijibu kwa simu. Ukoo wetu una kundi la WhatsApp lenye watu mia moja na sita, na neno lolote likipita kwenye simu huku hufika huko kabla ya jioni likiwa na picha. Ndiyo maana nimerudia kalamu na bahasha, na anayekuletea ni Mochama, muuza ndizi wa Sotik anayekuja soko la Mulot kila wiki. Nimemwambia ni risiti za dawa ya kupe.

Sisi hatujambo. Ng'ombe mwenye doa amezaa ndama jike. Kaka yangu Kiptum bado anasema ataoa baada ya bonasi ya chai, ila hataji ya mwaka gani. Mama anakusalimu sana.

Sasa neno lenyewe. Wewe ndiye dada pekee wa baba aliyebaki, na ulikuwa muuguzi miaka ishirini na sita, kwa hiyo sina mwingine wa kumuuliza. Nina rafiki ambaye ni karani wa mradi wa maji. Si mradi wetu. Ni mahali panapofanana na kwetu. Wana chemchemi, tangi kubwa la saruji, na mtambo mdogo wa kudondosha klorini. Mwezi wa Januari kamati yao ilikutana. Chai ya maziwa ikaletwa, na mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu, akaonja, akaweka kikombe chini.

"Chai hii imelazwa hospitali," akasema.

"Nilidhani ni ulimi wangu," akasema mama mmoja. "Inanuka sakafu ya wodi."

"Ni hiyo dawa ya maji," akasema mweka hazina. "Sisi ni watu wa chai. Tukiharibu chai, tunabaki na nini? Babu zetu walikunywa mtoni na wakafa wazee."

Wakapiga kura. Klorini ikasimamishwa mpaka ladha ya chai irudi. Rafiki yangu aliandika kumbukumbu za mkutano kwa mwandiko safi. Ladha ilirudi kesho yake. Klorini haijarudi hadi leo.

Shida ni kwamba kuna kitabu cha kila siku chenye safu ya klorini, na mwenyekiti aliagiza safu hiyo iendelee kujazwa kama zamani. Alisema mapengo huleta wageni. Mwezi wa Mei bomba la mradi litafika shule ya msingi yenye watoto mia nne na kumi na wawili. Rafiki yangu angependa kujua kama maji ya chemchemi, yaliyo safi hata unaona kucha zako ndani ya ndoo, yanaweza kuwa na kitu. Nijibu kwa jumla tu, bila kutaja mahali.

Wako kwa heshima,
Kipkosgei


19 Machi 2025

Kipkosgei, mwana wa kaka yangu, chamgei, hujambo.

Mochama alikaa na barua yako siku tisa kwa sababu ndizi zake zilikataa kuiva. Nimeisoma dukani, mlango wazi, mbele ya mzee aliyekuja na mbuzi wake kununua dawa ya minyoo. Hakuuliza kitu. Mbuzi ndio walionitazama vibaya. Sikuichoma pia, kuni bado ninazo.

Mimi nipo. Goti linauma kila mvua ikikaribia, kwa hiyo wakulima wa ngano huku wananiuliza mimi badala ya redio. Hongereni kwa ndama. Mwambie Kiptum wasichana nao wana bonasi yao, na huisha.

Huyo rafiki yako mpe pole. Ana bahati mbaya ya ajabu: mwandiko kama wako, mwenyekiti kama Mzee Chepyegon wenu, na hata chai yao ni kama yenu. Mwambie hivi. Babu waliokunywa mtoni wakafa wazee ndio waliobaki kusimulia. Waliokufa wachanga hawakuhudhuria mkutano.

Maji kuonekana safi ni tabia ya maji, si cheti. Bakteria wa taifodi hutoka tumboni mwa mtu na kurudi tumboni mwa mtu mwingine, na maji huwa njia yake tu. Juu ya chemchemi ya rafiki yako, kama nakumbuka vizuri mahali ambapo sijatajiwa, kuna vyumba vya kupangisha vyenye vyoo vya shimo, na zizi. Mvua ikishuka, hushuka na vyote. Umewahi kupitisha kidole ukutani ndani ya tangi? Kuna utelezi. Ule ni mji. Bakteria hukaa humo mmoja juu ya mwingine, wamejifunika ute wao, na hata klorini ikirudi kesho itabidi ibishe hodi. Wakipata chakula na joto, mmoja huwa wawili kabla kamati haijamaliza maombi ya kufungulia mkutano. Hawahitaji akidi wala hawangoji mwenyekiti afike, na chai hawainywi.

Kwa hiyo huyo karani airudishe klorini, na aache kuandika kitu ambacho hakipo. Nyumbani kwao wachemshe maji ya kunywa na yale ya kusuuzia vibuyu vya maziwa. Najua watamwambia mkaa wanaousugulia ndani ya kibuyu unaua kila kitu. Mkaa haujasomea uuguzi.

Mama yako umemtaja kwa maneno matatu. Kawaida yako ni ukurasa. Hajambo kweli?

Senge yako


31 Machi 2025

Mpendwa Senge,

Natumaini goti limepumzika, maana mvua sasa imefika yenyewe na haihitaji mtabiri. Chai imechipua mpaka wachumaji wanashindwa nayo. Ndama anakua. Mama anakusalimu.

Nimeona niache habari za rafiki. Umeshaelewa, na kuendelea kujificha nyuma yake kunanifanya nionekane mjinga zaidi ya nilivyo.

Lakini nina habari njema, na naomba uzipokee bila kunicheka. Afisa wa afya alitaka sampuli ya maji kabla ya shule kuunganishwa. Chupa ikapelekwa maabara, na jibu likarudi: bakteria sifuri. Hakuna hata mmoja. Mzee Chepyegon ameliwekea fremu yenye kioo na kulitundika ofisini, juu ya kalenda ya kanisa. Anapita mbele yake mara nyingi kwa siku kuliko anavyopita mbele ya mkewe.

"Mmeona?" alituambia. "Wasomi na vijidudu vyao!"

Na mweka hazina, Kipkemoi, akasogeza miwani akasema, "Hata sifuri yenyewe imechorwa vizuri."

Kwa hiyo huenda, Senge, na ninasema kwa heshima zote, mambo yamebadilika tangu ustaafu. Huenda chemchemi yetu ni ya namna yake.

Shuleni darasa la sita lilikuwa na wanafunzi kumi na tisa wiki iliyopita badala ya arobaini. Watu wanasema ni malaria. Kuhusu namna sampuli ilivyochukuliwa, ilichukuliwa kwa utaratibu. Naomba tusirudi hapo.

Wako,
Kipkosgei


9 Aprili 2025

Kipkosgei,

Leo sina salamu. Chukua za mara iliyopita.

Sifuri? Maji ya chemchemi iliyo chini ya vyoo, wakati wa mvua, bila klorini, yapate sifuri? Nikiwa kazini tuliwahi kupima maji ya mvua yaliyokingwa kwa sufuria safi. Yalitoka mbinguni moja kwa moja na bado hayakupata sifuri. Mzee Chepyegon amemshinda Mungu, basi fremu anastahili.

Kuna mtu aliyafanyia kitu maji hayo. "Kwa utaratibu" ni maneno ya mtu aliyeegemea mlango kwa mgongo ili usifunguke. Nimewahi kuyaandika mimi pia, nayajua yanavyotoka jasho.

Na malaria gani hiyo inayochagua nyumba zinazoteka bomba moja?

Halafu Velma wa kwaya amenipigia kuulizia dawa ya ndama wake, na katika maongezi akasema mama yako hajaonekana kanisani Jumapili nne. Umeniandikia mara mbili kwamba ananisalimu. Ananisalimu akiwa wapi? Niambie mama yako ana nini. Usiponiambia nitakuja mwenyewe, na goti hili, na nitauliza kwa sauti kuanzia barabarani.

Janeffer


24 Aprili 2025

Mpendwa Senge,

Samahani kwa kukawia. Mochama alipita mara mbili, na mara zote mbili nilijificha nyuma ya tangi.

Mama alilazwa siku kumi na moja. Vijidudu vya damu yake vilioteshwa maabara na vikaonyesha taifodi. Alitoka hospitali jana. Anakunywa uji na ameanza kumgombeza Kiptum, na daktari alisema hizo ni dalili nzuri, ingawa nadhani alimaanisha uji tu. Ilianza mwishoni mwa Februari kwa kichwa na homa ya kupanda taratibu. Tulisema ni uchovu wa shambani. Alikuwa akiwaka, akiomba maji ya baridi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimletea gilasi, moja baada ya nyingine, kutoka mfereji wetu. Barua yako ilipofika tulianza kuchemsha. Alikuwa ameshakunywa ya wiki tatu.

Sasa nitakuambia habari za sampuli, na nikimaliza usiniulize tena. Siku ile Mzee Chepyegon aliniita nikiwa na chupa mkononi.

"Kipkosgei, hiyo inakwenda kwa wageni?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Wageni waliosoma?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na tangu lini mtu wa hapa akampelekea mgeni maji mabichi? Mama yako alikulea wapi?"

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Hakuwa akidanganya mtu. Alikuwa akikaribisha wageni. Kipkemoi akaleta birika la ofisi. Maji yakachemka, yakapozwa, yakachujwa kwa kitambaa kipya cheupe kilichonunuliwa kwa ajili hiyo. Mimi nilijua. Biolojia shuleni nilipata alama ya A kasoro. Nilishika birika kwa mkono wa kulia na chupa kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nikifikiria kutomwaga tu.

Mama alipolazwa nilichukua sampuli nyingine kwa siri. Niliomba chupa safi ya maabara, nikaijaza maji mabichi ya mfereji, nikaipeleka mjini ndani ya sanduku la barafu la muuza samaki, siku ileile. Jibu ninalo. Linasema: "Bakteria wa kinyesi: wengi mno, hawahesabiki." Senge, mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu ameandika kwamba ameshindwa.

Uzinduzi ni Ijumaa tarehe tisa Mei. Kutakuwa na mgeni rasmi kutoka kaunti, na mimi ndiye nitakayesoma cheti cha sifuri kwenye kipaza sauti. Nikinyamaza, watoto mia nne na kumi na wawili watafungua mfereji ule Jumatatu. Nikisema, saini zote kwenye safu ya klorini ni zangu, za kila siku tangu Januari kumi na nne, na watu hufungwa kwa saini chache kuliko hizo. Mzee Chepyegon ndiye aliyenifundisha kuandika. Hata herufi ya kwanza ya saini hiyo ni ya mkono wake.

Nifanye nini?

Kipkosgei


2 Mei 2025

Kipkosgei, chamgei. Salamu kwa mama yako, ukurasa mzima. Mwambie amgombeze Kiptum kwa zamu, asimalize nguvu. Nimempa Mochama vidonge vya kutibu maji. Kimoja kwa mtungi mmoja, mngoje nusu saa kabla ya kunywa. Chai itanuka hospitali. Mama yako anajua sasa kwamba hospitali inanuka vibaya zaidi ukiwa ndani yake.

Umesema nisikuulize. Vizuri. Basi nitakuambia mimi.

Ulipokuwa kidato cha pili uliniuliza kwa nini nilihamia Mulot, nikakujibu kwamba huku hewa ni nzuri. Huku kuna vumbi. Mwaka wa ile mvua kubwa, 1998, nilikuwa kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. Wakaletwa wagonjwa kumi na mmoja wa kuhara, wote wa kisima kimoja. Mkubwa mmoja hakutaka neno kipindupindu lisikike karibu na kisima cha shemeji yake. Nikaandika malaria. Mara kumi na moja, kwa mwandiko mzuri. Mwandiko huo ni wa ukoo wetu, usidhani ni wa mwalimu wako. Watu waliendelea kuteka pale. Waliofuata sitakuandikia walikuwa wangapi.

Kwa hiyo usinitafutie busara. Ninachojua ni kazi kidogo tu. Siku hiyo soma karatasi iliyo ya kweli. Usihutubie, usilie, na usimtaje Mungu, kwa sababu Mzee Chepyegon ni mzee wa kanisa na atakushinda uwanja huo. Nusu ya watu watasema umetumwa. Nusu watakwenda kuchemsha maji. Hiyo nusu ya pili inatosha kwa siku ya kwanza. Kisha kitabu cha klorini ukipeleke mwenyewe kwa afisa wa afya kabla hajaja kukichukua. Mtu anayeleta kitabu hupewa kiti.

Na kula kitu asubuhi hiyo. Mwoga mwenye njaa husoma haraka mno, watu hawasikii.

Senge yako


13 Mei 2025
Sotik

Mpendwa Senge,

Mama hajambo. Amepanda ngazi leo bila kushika ukuta. Kiptum amebaki na ng'ombe. Nilikula ndizi mbili asubuhi ile na chai kavu.

Kulikuwa na hema, kwaya, na mgeni rasmi mwenye gilasi ya maji mbele yake. Mzee Chepyegon akashika kipaza sauti. "Karani wetu, mwanafunzi wangu mwenyewe, atatusomea cheti." Nikaacha fremu mezani, nikatoa karatasi mfukoni, nikasoma taratibu. Nilipofika "wengi mno, hawahesabiki", kwaya ikapiga makofi. Walikuwa wameambiwa wapige makofi nikimaliza kusoma, na wao ni watu wa nidhamu. Mzee Chepyegon naye akapiga. Mgeni akapiga.

Akasimama mama mmoja, Moureen, ambaye binti yake ni wa darasa la sita na hajaenda shule tangu Machi.

"Karani, umesema kinyesi?"

"Ndiyo, mama."

"Cha nani?"

"Chetu."

Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, si wote pamoja, ila mmoja mmoja, kila mtu alipokumbuka alichokunywa asubuhi.

"Na hiyo ya fremu, ya sifuri?"

"Yale maji yalichemshwa."

"Yalichemshwa na nani?"

"Na mimi."

Hapo Mzee Chepyegon akaninyang'anya kipaza sauti. "Lakini nilikuambia uyachemshe kwa heshima!" akasema, na sauti ikafika mpaka kituo cha kununulia majani ya chai. "Wageni, mimi sijamlea kijana huyu kuwapa maji mabichi! Na klorini tuliiondoa kwa kura, kumbukumbu zipo!" Senge, alisema kwa uchungu wa mtu aliyesingiziwa kukosa adabu. Adui yangu yeyote asingenipa ushahidi mzuri namna ile. Mgeni rasmi akainama, akaweka gilasi chini ya kiti chake, pole pole, kama mtu anayeweka yai.

Bomba la shule halikufunguliwa. Jumamosi afisa wa afya alifunga valvu na kuanza kupima watoto. Binti wa Moureen ni taifodi, na wengine sita hadi jana. Jumapili kamati ilikutana baada ya ibada ikanisimamisha kazi. Nasikia chai ilikuwepo, ila maji yake yalikuwa ya chupa, ya dukani. Kuna watu wanaosema nimeua mradi. Kuna mmoja aliyeng'oa miche ya chai ya mama, mistari miwili. Mzee Chepyegon hasemi nami. Mkewe alimletea mama chupa ya uji, akaiweka mlangoni, akaenda bila kubisha.

Kitabu nilikipeleka mwenyewe. Nilipewa kiti, ulisema kweli. Wamehesabu saini mia moja na kumi na sita. Wananitaka nikaandikishe maelezo Jumanne tarehe ishirini, na wakaniambia naweza kuja na mtu. Kuna afisa mmoja wa makamo, mwenye mvi mbele ya kichwa, aliyeuliza kama nina undugu na muuguzi Janeffer aliyekuwa zahanati mwaka wa ile mvua kubwa. Nikasema sijui. Hilo si la kwangu kulijibu, na kama hutaki lijibiwe, kaa nyumbani, sitakulaumu, na hatutalitaja tena.

Kama utakuja, fanya hivi. Usimtumie tena Mochama, ameanza kuuliza mbona risiti za dawa ya kupe ni nyingi hivi. Mimi na mama tumehamia kwa muda hapa Sotik kwa Kebaso, niliyesoma naye. Ukishuka stendi, vuka uende upande wa vibanda vya mitumba, umuulize Phelis anayeuza makoti. Ni dada yake Kebaso, atakutambua kwa sababu nimemwambia amtazamie mtu atakayemkemea kabla ya kumsalimu. Atakuleta kwa miguu, ni ghorofa ya pili, ngazi ziko nyuma, na goti lako litalalamika. Njoo Jumatatu ulale hapa. Maji yamechemshwa.

Ukikosa gari Jumatatu, basi njoo moja kwa moja ofisi ya afya ya kaunti Jumanne. Lango la pili, si la kwanza, chumba cha mwisho mkono wa kushoto, kabla ya saa nne. Ikipita saa nne sitakungoja nje. Ingia, useme wewe ni Senge ya Kipkosgei, utanikuta nimeshaanza.

Kipkosgei